Hivi ni kweli wenye akili nyingi hawaamini Mungu? Mpwa wangu kamwambia hivyo bibi yake

Mjomba wa Moro
Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie kwenye hili maana limenikaa kichwani wiki ya pili sasa na nyumbani hapajatulia.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko chuo Dar mwaka wa pili. Kijana mpole, anasoma sana, baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 12 tukamlea hapahapa kwa bibi yake. Kaja likizo, jioni tumekaa tunataka kula, mama yangu, ndiye bibi yake, akasema tusali kwanza, kijana akaendelea kunawa tu. Bibi yake akamuuliza vipi baba, siku hizi husali? Ndo akajibu kwamba yeye haamini tena, na kwamba tafiti zinaonyesha watu wenye akili zaidi hawaamini Mungu, dini inabaki kwa wale ambao hawajafika mbali kimawazo. Hakusema kwa dharau jamani, alisema kama mtu anayetoa habari aliyoisoma mahali. Ila mama alinyamaza. Akasali mwenyewe, akala matonge mawili matatu akaenda kulala.

Sasa niwaambie huyo mama ni nani. Kaishia darasa la nne. Ana kibanda cha chai na chapati pale stendi tangu 1994, wateja wa mkopo hawapungui 40 na hana daftari, anajua bodaboda yupi anadaiwa chapati ngapi tangu siku gani, na siku mtu akilipa nusu anajua iliyobaki. Katusomesha watoto wanne kwa hicho kibanda. Alafu anaambiwa na mjukuu aliyembeba mgongoni kwamba hajafika mbali kimawazo.

Mimi naamini, sifichi, ila sitaki kwenda kumkomesha kijana kwa vile nimemzidi umri. Nataka nikikaa naye niongee kitu chenye mashiko. Hizo tafiti zipo kweli? Na kama zipo zinasema nini hasa?

Mwalimu Takwimu
Mkuu tafiti zipo, usije ukamwambia kijana kadanganya, utapoteza mjadala dakika ya kwanza. Mwaka 2013 Miron Zuckerman wa Chuo Kikuu cha Rochester kule Marekani na wenzake wawili walikusanya tafiti 63, za zamani kabisa ni ya 1928, wakaziweka pamoja, na 53 kati ya hizo zikaonyesha kwamba kadiri alama za mtu kwenye vipimo vya akili zinavyopanda ndivyo imani yake inavyoelekea kushuka. 2020 wakarudia wakiwa na tafiti 83, picha ikawa karibu ileile. Kwahiyo kijana kasoma kitu kilichopo.

Shida inaanza kwenye ukubwa wa hicho kitu. Uhusiano waliopata ni hasi 0.24, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano kabisa na 1 ni uhusiano kamili, na hasi maana yake kimoja kikipanda kingine kinashuka. Nafundisha takwimu na hapa ndipo wanafunzi wangu wanapoteleza kila mwaka, wakisikia "uhusiano upo" wanafunga daftari. Zidisha 0.24 kwa yenyewe utapata 0.0576, yani ukichukua tofauti zote za imani zilizopo kati ya watu, huyu hakosi ibada, yule Krismasi kwa Krismasi, mwingine haamini kabisa, alama za akili zinaelezea kama asilimia 6 tu ya hizo tofauti. Zile 94 zinatoka kwingine kabisa. Niletee watu wawili nisiowajua, mmoja anaamini mmoja haamini, uniambie nitaje mwenye akili zaidi, nitakuwa nabahatisha kwa sehemu kubwa, nitamzidi kidogo tu mtu anayerusha shilingi. Mpwa wako kachukua wastani wa maelfu ya watu akambandika nao bibi yake mmoja. Hapo ndipo kosa lake lilipo kitaalamu, sio kwenye kusoma utafiti.

La pili, waliopimwa ni akina nani? Wengi ni watu wa nchi za Magharibi, hasa Waprotestanti wa Marekani, na Zuckerman na wenzake wenyewe waliandika kwamba matokeo yao yanaishia huko. Hatuwezi kuyabeba hivyohivyo mpaka stendi ya Morogoro.

Alafu kuna ule utafiti wa 2012 uliotoka kwenye jarida la Science, nadhani kijana atautaja maana umesambaa sana. Will Gervais na Ara Norenzayan, Kanada, waliwaonyesha wanafunzi picha ya sanamu ya Rodin, yule mtu aliyekaa ameshika kidevu anafikiri, wengine wakaonyeshwa sanamu ya mrusha kisahani, na walioona mtu anayefikiri wakajitaja kuwa na imani ndogo zaidi. Dunia nzima ikaandika "kufikiri kunapunguza imani". Watu wengine wakaja kurudia jaribio kwa washiriki wengi zaidi, matokeo hayakutokea. Gervais alikubali hadharani, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, maana baadaye yeye na wenzake wakaenda kuangalia jambo hilo kwenye nchi 13 wakakuta uhusiano wa kufikiri kwa kuchambua na kutoamini ni dhaifu na unayumba nchi hadi nchi.

Akikuletea ile ya nchi 137 ya mwanasaikolojia Richard Lynn na wenzake, 2009, kwamba nchi zenye IQ kubwa, yani alama za vipimo vya akili, ndo zina wasioamini wengi, hapo simama imara. Takwimu za Lynn za IQ za mataifa zina matatizo makubwa. Kwenye kitabu cha mwanzo alichoandika na mwenzake Vanhanen 2002, nchi zilizokuwa na vipimo zilikuwa 81, na zaidi ya 100 zilizobaki walizikadiria kwa kuangalia majirani! Na alama zenyewe hazikai sehemu moja. Watoto wa kijijini kule Embu, Kenya, walipimwa 1984 wakapimwa tena wengine wa rika lao 1998, ndani ya miaka 14 alama zikawa zimepanda sana, na watafiti wakaeleza kwa lishe, afya ya watoto, wazazi wanaojua kusoma, familia kuwa ndogo. Nani kasikia kwamba Embu makanisa yalifungwa miaka hiyo?

Ukitaka kitu cha kufanya nyumbani muulize hili swali, ni la jamii ya yale wanayotumia kwenye hizi tafiti, nimelibadilisha tu liendane na kibanda. Chai na chapati kwa pamoja ni shilingi 1,100. Chapati imezidi chai kwa shilingi 1,000. Chai ni shilingi ngapi?

Msema Neno
Zaburi 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Imeisha hiyo, hamna haja ya takwimu.

Mtaa wa Saba
Niko Nairobi na mimi ni mmoja wa wale 755,750 waliojiandikisha kwenye sensa ya Kenya ya 2019 kwamba hawana dini. Ndugu Msema Neno, unaona ulichofanya? Mpwa wa huyu bwana amesema anayeamini hana akili, wewe umesema asiyeamini hana akili. Ni kauli moja, nyinyi wawili mnavutana nayo huku na huku, na kila mmoja anataka ibaki upande wake.

Mimi niliacha dini miaka tisa sasa na naudhika sana wenzangu wasioamini wakijipa hiyo sifa. Shosho wangu, yaani bibi yangu, aliyenilea ni mama wa maombi, saa kumi asubuhi yuko macho, na ndiye binadamu mwenye akili kali kuliko wote niliowahi kuishi nao. Kesi za shamba pale kijijini wazee walikuwa wanamngoja aje aseme mpaka ulikuwa wapi miaka ya sitini, na akishasema hakuna aliyebisha. Sikumzidi shosho akili ndiyo nikaacha kuamini. Niliacha kwa sababu zangu, nilizifikiria kwa muda mrefu, zilinigharimu, kuna shangazi hadi leo hapokei simu yangu. Kwa hivyo pia nisingependa mtu aseme kijana ameacha imani kwa sababu ya kuharibiwa na chuo au kutaka kujionyesha. Inawezekana ana sababu. Mmemuuliza?

JaNam
Niongeze kidogo kwenye hiyo "akili" yenyewe. Sisi Wajaluo tuna rieko, yaani maarifa na ujuzi, lakini mtoto akiitwa mzuri wa akili nyumbani kuna pia luoro, ile heshima na kujua mahali pako, kuna paro, kufikiria na kuanza jambo, kuna winjo, kusikia na kuelewa. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake walifanya kazi Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, wakawapima watoto ujuzi wa dawa za miti shamba, zile za minyoo na magonjwa ya tumbo, mtoto anajua jani lipi, kiasi gani, la nini. Wakawapa na vipimo vya kishule. Waliojua dawa vizuri ndio walioelekea kupata chini kwenye maneno ya kishule! Sasa pale Usenge mwenye akili ni nani? Kipimo kinachohusishwa na kutoamini ni kile cha shule. Vile vingine vitatu, luoro, paro na winjo, mimi sijasikia mtu aliyewahi kuvipeleka mahali vikapimwe na imani.

Pwani Mchangani
Assalaam alaykum wote. Mimi ni injinia, niko Unguja, nataka kumletea kijana watu wawili tu awatazame.

Mwaka 1979 Nobeli ya fizikia walipewa watu watatu, Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam. Kazi yao ilionyesha kwamba nguvu ya sumakuumeme na ile nguvu dhaifu ndani ya kiini cha atomu ni kitu kimoja chenye sura mbili. Weinberg aliitoa nadharia hiyo 1967, Salam akaifikia kwa njia yake 1968, kila mtu na kalamu yake. Weinberg alikuwa hamwamini Mungu na alisema hivyo waziwazi maisha yake yote. Salam, mtoto wa Pakistani, alikuwa mtu wa swala, na siku ya karamu pale Stockholm alisimama mbele ya mfalme wa Sweden akasoma aya za Surat al-Mulk, zile zinazosema rudisha jicho lako utazame, je unaona ufa wowote? Rudisha tena na tena, jicho litakurudia limechoka. Alisema hiyo ndiyo imani ya wanafizikia wote, kadiri wanavyotafuta ndivyo mshangao unavyozidi.

Hesabu ni zilezile. Ukizisoma kwenye karatasi huwezi kujua ipi imeandikwa na mtu aliyetoka kuswali na ipi na mtu ambaye hajawahi kupiga magoti. Mimi nilizisoma chuo, nilihangaika nazo muhula mzima, na sikuwahi kuona mahali ambapo imani ya mmoja imemkwamisha au kutoamini kwa mwingine kumemrahisishia.

Lakini nisifiche upande wa pili maana tukificha kijana atatukamata. 1998 walipowauliza wanasayansi wa ngazi ya juu kabisa Marekani, wale wa Akademia ya Taifa ya Sayansi, waliosema wanamwamini Mungu walikuwa kama asilimia 7. Hiyo ni kweli. Ila mtafiti Elaine Howard Ecklund na wenzake walipozunguka nchi na maeneo nane wakiuliza wanasayansi, Hong Kong na Taiwan wakakuta wanasayansi wanaojitaja kuwa na dini ni wengi kuliko wananchi wa kawaida wa hapohapo. Sayansi ni ileile, maabara ni zilezile, kilichobadilika ni mji mtu aliozaliwa.

Mjomba wa Moro
Wakuu nimesoma yote, asanteni sana, sikutegemea. Mwalimu lile swali lako nimelifanya jana usiku na naomba nisema ukweli jinsi lilivyokwenda maana sio nilivyotaka.

Nilikuwa na hakika mama atampiga bao kijana. Nikauliza, mama akajibu palepale, mia. Kijana akatulia kama sekunde tano akasema hamsini. Chapati 1,050, chai 50, jumla 1,100. Yeye ndo kapata. Nikajisikia vibaya, nikaona nimeenda kumuaibisha mama mara ya pili.

Ila mama hakuaibika, alikataa tu. Akaingia ndani akatoka na kibakuli cha chenji, akamwaga kwenye sinia. Akaweka mia upande mmoja akasema hii chai, elfu upande wa pili akasema hii chapati, haya sasa chapati imezidi chai shilingi ngapi, akahesabu kwa kidole, mia tisa. Akakunja uso. Akabadilisha, akatoa hamsini huku akaongeza kule, akahesabu tena, akaangalia sinia mda mrefu kweli. Mwisho akamwambia kijana, uko sawa, mimi nilikimbilia mia kwa kuwa ndo iliyokuwa karibu. Alafu asubuhi yake stendi kawauliza wateja wote swali hilohilo, mpaka kondakta mmoja kaachwa na gari akibishana.

Kijana alimwangalia bibi yake na zile sarafu, sijui alikuwa anawaza nini.

Mwalimu Takwimu
Mkuu usijisikie vibaya. Hilo swali tangu mtafiti Shane Frederick alipolitumia 2005 limewaangusha wanafunzi wa vyuo vikuu vikubwa kabisa duniani, wengi wao walijibu kama mama. Linapima zaidi ile tabia ya kulitilia shaka jibu la kwanza linalokuja, na shule ndiyo inayotufundisha kushuku maswali ya namna hiyo, kijana yuko kwenye mitihani kila muhula. Alichofanya mama na sinia baada ya hapo, kukaa na kosa lake mpaka alielewe, wanafunzi wangu wengi hawakifanyi, wanauliza jibu sahihi ni lipi wanalinakili wanaondoka.

Mama Wawili
Nimesoma saikolojia na nimekaa kimya nikingoja mtu ajibu swali la Mtaa wa Saba, mmemuuliza? Hakuna aliyemuuliza. Tunajadili akili ya kijana kurasa zima, yeye mwenyewe hajapewa nafasi.

Gervais huyohuyo wa sanamu, 2021 yeye na wenzake walitoa utafiti mwingine, watu zaidi ya 1,400 wa Marekani, wakitafuta nini hasa kinatangulia mtu kutoamini. Wakaweka pembeni kwa pembeni sababu mbalimbali, kufikiri kwa kuchambua, usalama wa maisha, uwezo wa kuelewa wengine wanawaza nini, na hili: je, utotoni mtu aliwaona watu wazima wakiishi wanachosema wanakiamini? Waliona wakitoa, wakifunga, wakijinyima, wakisaidia kwa gharama yao? Hili la mwisho ndilo lililotia fora kuliko yote. Kufikiri kwa kuchambua kulifuata lakini kwa mbali, na hata huko kulikuwa na nguvu kidogo tu. Mtoto anaangalia mikono ya wakubwa kuliko anavyosikiliza midomo yao, na akiona mkono umefanya kinyume anakumbuka.

Kwahiyo kaka, mimi ningeacha habari ya 0.24 kwanza. Kaa naye umuulize aliona nini. Sio "kwa nini huamini" maana hapo atakujibu kwa tafiti. Muulize lini ilianza, na alikuwa na nani siku hiyo. Ukishauliza nyamaza, usimrekebishe.

Mjomba wa Moro
Narudi baada ya siku nne, niliogopa kuandika.

Dada Mama Wawili, nilimuuliza kijana kama ulivyosema. Tulikuwa nyuma ya nyumba tunapasua kuni, mama yuko jikoni anakanda unga wa kesho. Nikamuuliza lini ilianza. Akapasua kama vipande vitatu hivi bila kujibu, alafu akasema, siku ya kumzika baba.

Shemeji alipofariki alikuwa kaugua karibu mwaka, hela yote iliishia hospitali, michango ya kanisani ilikuwa imesimama. Siku ya mazishi mzee wa kanisa alikuja na kadi yake ya michango, wakawa wanajadiliana pembeni kama anastahili ibada au hastahili, mwisho mchungaji hakuja. Sisi wakubwa tulikuwa tunajua, tulikaa nalo kimya tukidhani watoto hawakuelewa. Mpwa wangu kaniambia alikuwa amesimama nyuma ya yule mzee, anamwona anafungua kadi anapitisha kidole mwezi hadi mwezi, pale palipo wazi anagonga na kalamu. Kaniambia anakumbuka mpaka rangi ya kalamu, ilikuwa nyekundu. Miaka 12. Zile tafiti kazikuta chuo mwaka jana tu, alikuwa ameshaacha kuamini zamani.

Sikumrekebisha. Nilikosa cha kusema pia.

Mama alikuwa kasikia. Alitoka jikoni na unga mikononi akakaa kwenye gogo, akamwambia, mjukuu wangu na mimi siku ile nilitaka kuacha. Nilirudi nyumbani nikasema basi, sikanyagi tena. Saa mbili usiku wakaja akina mama wa jumuiya, kumi na mmoja, wamebeba maji kichwani na unga na maharage, mvua inanyesha, wakaimba palepale sebuleni bila mchungaji, wakalala chini na mimi siku tatu. Mmoja wao ndo alikuwa mke wa yule mzee mwenye kadi. Alikuja kwa siri mumewe hajui. Wewe ulikuwa umelala baba, hukuwaona.

Kijana hakujibu kitu. Aliinama akaendelea kukusanya kuni. Baada ya muda ndo akauliza, yule mama bado yupo? Mama akasema yupo, anauza mchicha sokoni, mguu unamsumbua siku hizi.

Leo Jumapili mama kaenda ibadani peke yake, kijana hakwenda, na mimi sikumlazimisha. Ila tangu asubuhi kaniulizia mara mbili huyo mama anakaa upande gani wa soko.